Maswali na majibu: Seva inaitambuaje kompyuta isiyo na diski?

Wiki hii maswali karibu yote yanahusu kompyuta zinazowaka kupitia mtandao, yaani zinazochota mfumo wake kwenye seva.

Shikamoo. Nafundisha sekondari huku Igoma. Tuna kompyuta 20 za mtumba, hazina diski. Seva itajuaje ipi ni ya mwalimu?

Marahaba, mwalimu. Kompyuta ikiwashwa, kadi yake ya mtandao hupiga kelele kwa DHCP (utaratibu wa kugawa anwani mtandaoni) ikiomba anwani ya IP, yaani namba ya kompyuta kwenye mtandao. Ombi hilo hubeba anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao: jozi 6 za tarakimu na herufi, 3 za mwanzo zikimtambulisha mtengenezaji. Seva hujibu kwa IP na jina la faili la kuanzia, nalo huchotwa kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha mafaili.

Ukitumia PXELINUX, programu ndogo ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao, kuna mpangilio wa kutafuta maelekezo. Kwanza faili lenye jina la UUID ya kompyuta, yaani namba ya utambulisho ya kompyuta yenyewe. Likikosekana, lenye MAC kwa herufi ndogo, jozi zikitenganishwa kwa vistari na kutanguliwa na 01-. Hiyo 01 ni alama ya Ethernet, yaani mtandao wa waya. Mafundi wengi huisahau, wakahangaika mchana kutwa. Kisha IP kwa heksadesimali (hesabu ya tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F): 192.168.10.21 huwa C0A80A15, halafu inakatwa herufi moja moja kutoka mwisho. Mwisho kabisa ni faili liitwalo default.

Basi usijichoshe na mafaili 20. Wanafunzi wote waangukie kwenye default, kompyuta yako iwe na faili lake la MAC.

Fundi alibadilisha kadi ya mtandao, sasa kompyuta ya mhasibu inawaka kama ya mgeni. (Nyegezi)

Nenda mwaloni Kirumba utazame mitumbwi. Injini ina namba yake, na ubavu wa mtumbwi una namba yake. Injini ikihamishiwa mtumbwi mwingine, namba inakwenda nayo. MAC ni namba ya injini: ni ya kadi, si ya kompyuta. Sahihisha MAC kwenye DHCP na kwenye jina la faili. Nakuomba pia ubandike stika kwenye kila boksi na uwe na daftari, maana fundi anayefuata hatajua historia hiyo.

Si bora basi kutumia UUID?

Mara nyingi ndiyo. Ina biti 128, hukaa kwenye bodi na hubaki kadi ikibadilishwa. Ila bodi nyingine za bei rahisi hutoka kiwandani bila kuandikiwa namba ya kweli. Ukiona 03000200-0400-0500-0006-000700080009, usiiamini. Utaikuta kwenye kompyuta nyingi. Linganisha zote kwanza.

Laptopu zetu hazina tundu la waya, tunapokezana adapta moja ya USB. Zote zinapata jina moja! (Nansio, Ukerewe)

Seva inaiona adapta. Tazama kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kama laptopu inaweza kutumia MAC yake yenyewe kupitia adapta, baadhi zinaweza. La sivyo, tumieni UUID.

Mwanafunzi anaweza kujifanya kompyuta ya mwalimu?

Anaweza, tena kirahisi. Kwenye Linux, MAC hubadilishwa kwa amri moja, na TFTP haiulizi nywila. Usiweke nywila wala mitihani kwenye mafaili hayo. Mwalimu aingie kwa nywila yake baada ya mfumo kuwaka.