Nyuki wakitoweka, ugali utabaki lakini maboga yatapungua

Kuna usemi unaodaiwa kuwa wa mwanasayansi Albert Einstein, kwamba nyuki wakitoweka binadamu atabakiwa na miaka minne tu ya kuishi. Hapana, kutoweka kwa nyuki wa asali hakungemaliza chakula cha binadamu ndani ya miaka minne, na hakuna ushahidi kwamba Einstein aliwahi kusema hivyo. Mahindi huchavushwa kwa upepo, yaani upepo ndio hubeba chavua, ule unga wa maua, na mpunga na ngano hujichavusha, kwa hiyo ugali, wali na chapati vingebaki. Pigo lingekuwa kwenye maboga, matango na matikiti maji: ua jike la boga, lile lenye kiboga kidogo chini yake, huwa wazi asubuhi moja tu, na lisipopata chavua ya ua dume katika saa hizo chache, kiboga hugeuka manjano, hunyauka na kudondoka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kati ya mazao makuu 115 ya chakula duniani, 87 hutegemea uchavushaji wa wadudu na wanyama wengine kwa kiwango fulani, na mazao hayo huchangia takriban asilimia 35 ya uzito wa chakula kinachozalishwa. Mimi naona uzito huo unaficha jambo zito zaidi, kwamba katika mazao hayo ndimo inamotoka sehemu kubwa ya vitamini A na C.

Hata hivyo, nyuki wa asali hawafanyi kazi hiyo peke yao. Nyanya, kwa mfano, hufaidika zaidi na nyuki wa porini wanaolitikisa ua, lakini anayepulizia dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi huwaua wote pamoja.