Kikao cha kanisani na watu wa CPS: nenda, na uende na mumeo

Dada, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema mmefika hapa Minnesota, Marekani, mwaka jana, nyote wawili mnafanya kazi usiku, na kanisani kwenu kumetangazwa kikao ambapo maafisa wa kaunti wa ulinzi wa watoto (hao ndio CPS) watakuja kuzungumza na wazazi kuhusu watoto, familia na ubaguzi wa rangi. Shemeji amekataa katakata. Anasema ni mtego, ukionekana pale jina lako linaandikwa. Unauliza uende au usiende.

Nenda. Na uende naye. Ila hofu yake siidharau, maana ilikaa nyumbani kwangu siku 45.

Mwaka 2016 kijana wangu wa kwanza alikuwa na miaka minane. Alipoteza jaketi la baridi shuleni, la pili katika majira yale yale. Mwalimu alimkuta akilia karibu na mlango wa kutokea, akamuuliza kuna nini. Mtoto akamjibu kwa Kiingereza maneno niliyomwambia asubuhi kwa Kiswahili: ukirudi bila jaketi leo, nitakuua. Mimi na wewe tumelelewa na neno hilo. Mama yangu alilitamka akisonga ugali na hakuna aliyeinua kichwa. Lakini mwalimu wa hapa angelijuaje? Sheria inamlazimisha mwalimu, daktari na muuguzi kuripoti mara tu anaposhuku kwamba mtoto anadhuriwa. Aliripoti. Leo simlaumu.

Kesho yake saa kumi jioni, watu wawili mlangoni. Baba watoto aliwafungia. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza naamka, nina zamu saa tano usiku kwenye nyumba ya wazee, nikafungua tena nikiwa nimekwisha pandwa na hasira. Wakaangalia friji. Wakaangalia vitanda, wakaandika kwamba watoto watatu wanalala chumba kimoja na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Baba watoto wakampigia simu mkalimani, kumbe ni wa Kisomali, mzee akabaki ameshika simu ananitazama. Kisha wakauliza: usiku nani anabaki na watoto?

Nikasema ukweli. Mimi natoka saa nne na robo, baba yao anaingia saa sita kasoro robo. Katikati hapo mkubwa anawaangalia wadogo zake. Huyo mkubwa ndiye wa miaka minane.

Walikuja kwa sababu ya neno "kuua", wakabaki kwa sababu ya ile saa moja na nusu. Miongozo ya Minnesota iko wazi kwamba mtoto wa miaka saba kwenda chini hapaswi kuachwa bila mtu mzima hata kidogo, na wa miaka minane hadi kumi asizidishe saa tatu peke yake. Wangu wawili walikuwa chini ya saba. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Tulipotoka, mtoto wa miaka minane hupewa mdogo wake mgongoni na hakuna anayeuliza, kwa sababu shangazi yuko ng'ambo ya ua na jirani anasikia kila kilio. Hapa ghorofani hakuna anayesikia.

Tulisalimika. Ripoti yetu ilipelekwa kwenye njia wanayoiita tathmini ya familia, ambayo haimalizikii kwa kumtia mzazi hatiani, na ikafungwa ndani ya siku 45 ambazo sheria inawapa. Lakini kijana wangu alikaa mwaka mzima hamwambii mwalimu chochote, hata alipoumwa na tumbo. Hilo hadi leo linaniuma kuliko friji yangu kufunguliwa na wageni.

Sasa turudi kwa huo ubaguzi uliotajwa kwenye tangazo, maana najua Waafrika wengi wakisikia hilo neno wanakunja mikono. Nami nilikuwa hivyo. Tulikuwa tunasema hayo ni mambo ya Wamarekani weusi, sisi tumekuja kufanya kazi. Utafiti uliotoka 2017 ulikadiria kwamba katika nchi hii asilimia 37 hivi ya watoto wote huchunguzwa na watu wa ulinzi wa watoto kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa watoto weusi ni asilimia 53. Zaidi ya nusu! Na kesi nyingi si za kupigwa wala kuumizwa, ni za kile wanachokiita kutelekeza, na ndani ya neno hilo mmejaa kodi ya nyumba isiyolipika, zamu za usiku na kukosa mtu wa kubaki na watoto. Mtoto akishachukuliwa, saa inaanza kuhesabu. Sheria ya shirikisho ya 1997 inasema akikaa katika malezi ya kambo, yaani kuwekwa na serikali nje ya kwao, miezi 15 kati ya 22, serikali inatakiwa kuomba mahakama iwavue wazazi haki zao, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo mtoto kuwa analelewa na ndugu.

Kikao cha kwanza nilichohudhuria hakikunifaa. Tulilishwa vizuri, tukaulizwa tunajisikiaje, tukapewa karatasi za rangi tubandike ukutani. Cha pili kilikuwa tofauti, kwa sababu ya bibi mmoja Mmarekani mweusi kutoka kaskazini mwa Minneapolis, anayelea wajukuu wanne. Alisimama akaeleza jinsi binti yake alivyopoteza watoto, na alipofika kwenye swali la "usiku nani anabaki nao" nilihisi miguu inaniishia. Ni swali langu. Ni saa zangu. Tofauti yetu ilikuwa lafudhi tu.

Akina mama na nyanya kama yeye ndio waliosukuma sheria iliyotiwa saini Mei 2024 hapa Minnesota, baada ya miaka kadhaa ya kurudishwa nyuma. Inazitaka kaunti zifanye juhudi za dhati kuisaidia familia kabla ya kumwondoa mtoto, na kutafuta ndugu kwanza. Ilianza kwa majaribio katika kaunti za Hennepin na Ramsey Januari 2025, na kufika Januari 2027 ni jimbo zima. Mwambie shemeji hili: sheria hiyo inamtaja mtoto mwenye asili ya Afrika. Wako yumo. Wangu wamo. Walipigania watoto wao wakatuhesabu na sisi, wakati sisi tulikuwa tunasema hayatuhusu.

Kwa hiyo usiende kusikiliza tu. Nenda na ombi linalogusika. Kuna sheria ya shirikisho ya Februari 2018 iliyoruhusu pesa zilizokuwa za malezi ya kambo zitumike mapema, kwa matibabu ya akili, kutibu uraibu na mafunzo ya malezi nyumbani. Ni jambo jema, lakini hakuna hata moja kati ya hayo lingenisaidia mimi kati ya saa nne na robo na saa sita kasoro robo. Sisi tulisimama tukauliza kaunti ina nini kwa wazazi wa zamu za usiku. Jibu likawa hakuna. Swali likaandikwa, na kila kikao tunalirudisha.

Tulipoona hakuna, tulifanya kama chama. Akina mama saba wa mitaa inayokaribiana, kila mmoja ana usiku wake wa kupokea watoto wa wenzake, wanakuja na blanketi zao. Pia kila mmoja alijaza ile fomu ya Minnesota ya kumkabidhi mtu mwingine mamlaka ya mzazi kwa muda usiozidi mwaka, na akaandika majina ya ndugu na marafiki wa karibu ambao kaunti iwapigie kwanza. Ukisubiri siku wanapogonga mlango, hata namba ya dada yako utaisahau.

Jambo moja mkumbuke mkiwa mle ndani. Maafisa wale, hata wakiwa wapole, na hata wakiwa weusi, bado wanalazimika kuripoti. Usisimame kusimulia kwamba jana usiku watoto walikuwa peke yao. Sema "wazazi wa zamu za usiku tunahitaji". Yako ya ndani mweleze wakili, na jambo likifika mahakamani na huna uwezo wa kulipa, omba mahakama ikuteulie mmoja. Mkalimani pia ni haki yenu tangu Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, kwa kuwa kaunti inapokea pesa za shirikisho. Sema wazi: Kiswahili. Na mtoto asiwakalimanie, hata kama Kiingereza chake kimenyooka kuliko chenu.

Usiku wangu ni Alhamisi. Kama mko upande wa Brooklyn Park, niandikie faraghani. Nafasi ya watoto wawili ipo.