Barua kwa mwanangu aliyepewa usimamizi

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako yuko ubavuni. Umeniuliza: "Baba, nimepewa wahudumu 11 wa vyumba, wawili umri wao kama mama. Nikiwaamrisha naona haya, nikinyamaza kazi inalala. Nijizoeze nini?" Hoteli za Kiwengwa mimi sizijui. Ila watu nimewasimamia, misimu 14 ya karafuu huku Wete, Pemba, basi nakujibu kwa hicho.

Kwanza lile ulilolisema huku unacheka, kwamba ukiona kitanda kimetandikwa vibaya unakitandua na kukitandika mwenyewe. Hilo si la kucheka. Msimu wangu wa kwanza, nikiona wachumaji wanazorota, nilikuwa napanda mkarafuu mimi. Nilikuwa hodari wa kuchuma, ndiyo maana nikapewa kambi ya wachumaji niisimamie. Siku moja niko kileleni, najisifu moyoni, mvua ikaja wala sikuliona wingu. Nilipoteremka, karafuu za siku tatu zimerowa chapachapa jamvini. Kumbe watu chini waliliona wingu mapema, kila mmoja akingoja amri yangu, na mwenye amri yuko mtini.

Kwa hiyo kitanda kikiwa kibaya, mwite aliyekitandika, mwonyeshe palipokosewa, akitandike yeye na wewe umesimama. Wiki hii utachelewa. Vumilia.

Hao wawili wakubwa, shikamoo itangulie, kisha kazi, na kazi isemwe wazi: "Bi, chumba cha saba kiwe tayari kabla ya saa nane, kuna mgeni anaingia." Heshima haipungui hapo. Kinachoudhi ni kuizungusha amri mpaka mtu hajui kama umemwomba au umemtuma. Na kila mmoja katika wale 11 mtafutie robo saa peke yake, japo mara moja kwa wiki mbili. Muulize nini kinamkwamisha, halafu unyamaze. Kunyamaza ndipo pagumu kwako, maana mdomo huo umeurithi upande wa mama yako (hapa ananitazama).

Sasa nikwambie nisilowahi kukwambia. Msimu mmoja karafuu zilizaa sana, tukawa tunazipima kwa pishi, kipimo chetu cha ujazo, mpaka baada ya isha. Mzee mmoja, mchumaji tangu mimi sijazaliwa, pakacha lake la karafuu zilizokwisha chambuliwa likakutwa chini limejaa majani na makonyo, vile vikonyo vinavyotakiwa kutolewa. Nikamsema mbele ya kambi nzima, na malipo ya pishi mbili nikamkata. Usiku ule ule ikabainika kuwa mpimaji wangu alichanganya mapakacha. Lile halikuwa lake. Nikaenda kwake kimyakimya na pesa yake mkononi. Akaipokea, akanitazama, akauliza: "Umenitukana jamvini, radhi waniomba kizani?"

Sikulala. Asubuhi, kabla hawajapanda, nikawakusanya na kusema mbele ya wote kwamba yule mzee nilimdhulumu. Nilidhani ndio mwisho wa kuogopwa, na kweli ulikuwa mwisho. Lakini wiki ile mpimaji akaja mwenyewe kunambia kibaba chake kimepasuka, na wachumaji wawili wakaja kusema shamba la juu karafuu zinakaribia kuchanua, tulikimbilie. Zamani mambo hayo ningeyajua yameshaharibika. Wewe huko utaambiwa mapema kwamba shuka zinapungua, au mgeni amekasirika, kama tu anayeleta habari haogopi kuaibishwa. Mwenye kosa mwite pembeni. Wewe ukikosea hadharani, radhi iombe hapo hapo hadharani.

Tangu siku ile nikaweka daftari. Usiku mistari michache tu: nimeambiwa nini na nani, nimeamua nini na kwa nini. Ijumaa baada ya sala nasoma ya wiki nzima. Ukiona jina la mtu halijatokea wiki tatu, usiseme huyo hana shida. Huyo ameacha kukwambia.

Juu ya kujiendeleza sina mengi. Masika ndiyo skuli yako: Aprili na Mei wageni wanapungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Mwombe mhasibu akuonyeshe chumba kimoja kinagharimu vipi, sabuni, dobi, umeme, maana anayejua hesabu hadharauliki mbele ya bosi. Kiitaliano pia, kwa kuwa Waitaliano ndio hao mmejaa nao huko. Na pale Maruhubi SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, wanasomesha utalii. Kaulize masharti kabla mvua hazijaanza.

Yule Bi uliyesema amekununia tangu upewe cheo, anza naye kesho. Muulize kazi ile yeye angeipanga vipi, kisha nipigie unambie kakujibu nini. Piga simu, usinitumie tena sauti ya dakika tisa, bando langu dogo.

Baba yako,
Wete