Shangazi, hii nyumba ya ziwani Katonga ninunue au niache?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nipo Dodoma, miaka 46, wazazi wamezikwa Kasulu ila sekondari nimesoma Kigoma mjini na lile ziwa sijawahi kulisahau. Mwezi wa kumi mwanzoni nilienda likizo, dalali akanionesha nyumba ya zamani kule Katonga, chini tofali za kuchoma juu mbao, bati zina kutu lakini hazivuji (kasema yeye), vyumba vitatu na baraza inayotazama ziwa, jioni jua linazama upande wa Kongo yaani acha tu. Kutoka barazani mpaka majini nilihesabu hatua 40. Wameipaka rangi juzijuzi, chini kahawia mpaka magotini, juu krimu, inang'aa. Bei milioni 35. Anayeuza ni kijana wa marehemu mwenye nyumba, ana karatasi ya mauziano ya 1987. Uani kuna bibi mmoja anakaa chumba cha nje, kijana anasema huyo atahama tu asinipe presha. Nina milioni 20, hizo 15 nakopa saccos. Nataka iwe ya mapumziko, tunaenda na watoto mara mbili kwa mwaka, nikistaafu nahamia kabisa. Mama watoto hataki hata kusikia, anasema nyumba yetu hapa haina dari wewe unakimbilia banda la wavuvi. Na dalali anataka kishika uchumba laki 5 kabla ya mwisho wa mwezi maana kuna mtu mwingine anaitaka. Nifanyeje? – Baba Watatu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo mtu mwingine anayeitaka namfahamu, amekuwepo kwenye kila nyumba iliyowahi kuuzwa na dalali nchi hii na mpaka leo hajanunua hata moja. Laki 5 usitoe.

Nianze na yule bibi, maana umempitia kama unapita mti barabarani, wakati kwangu mimi ndo habari yote imelala hapo. Bibi ni nani? Mpangaji? Dada wa marehemu? Au ndo mjane mwenyewe? Kama ni mjane basi ana fungu lake kwenye hiyo nyumba na hakuna cha "atahama tu", na hata kama ni shangazi mtu aliyepewa chumba na kaka yake kabla hajafa, utataka wewe kulala kwenye baraza yako nzuri huku umemtoa bibi kizee na mabegi yake? Majirani wa Katonga watakusalimia vizuri tu ila hawatakusahau. Rudi, umsalimie, ukae nae nusu saa bila dalali na bila huyo kijana, umuulize nyumba hii ya nani. Atakwambia.

Halafu kuwa mtoto wa marehemu sio ruhusa ya kuuza. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwahiyo mwambie kijana akuoneshe barua ya usimamizi na muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za warithi wote, wote kabisa, hata walioko mbali. Kigoma unaijua, mzee mmoja ana watoto Ujiji, ana watoto Bujumbura, ana watoto Uvira, wewe umeshabadilisha bati na umepanda miembe siku moja anashuka mtu kwenye boti na cheti cha kuzaliwa mkononi. Ile karatasi ya 1987 inasema marehemu alinunua, basi, haisemi kiwanja kimepimwa wala haisemi nani mwenye haki ya kuuza leo. Kama kuna namba ya kiwanja ipeleke ofisi ya ardhi pale Manispaa ya Kigoma Ujiji wakufanyie upekuzi, kama hakuna namba basi nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, zungukeni mipaka pamoja na majirani wa pande zote, na ujue kabisa unanunua kitu kisicho na hati.

Sasa maji. Hatua 40 za mtu mzima ni kama mita 30 hivi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisifanyiwe shughuli za kudumu. Nyumba ni ya zamani ndio, imesimama kabla ya sheria, lakini siku utakapotaka kuongeza chumba au kubomoa hizo mbao ujenge tofali mpaka juu, kibali utakipata wapi? Na hizo hatua ulizihesabu mwezi wa kumi! Mwezi wa kumi Tanganyika ndo limeshuka kuliko miezi mingine yote, linajaa na mvua mpaka kwenye mwezi wa tano, hata hizo bati "hazivuji" ni kwa sababu mvua zenyewe zilikuwa hata hazijachanganya.

Na huko ni kupanda na kushuka kwa kawaida tu, bado ile miaka ziwa likichachamaa. 2020 na 2021 si ulisikia, maji yalipanda yakaingia kwenye nyumba za watu mwambao, na ng'ambo Bujumbura mitaa mizima ilihama. Hili ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie upande wa Kongo, kwahiyo likijaa halina haraka ya kupungua. Zamani Lukuga uliwahi kuziba kabisa ziwa likapanda, ulipozibuka mwaka 1878 likaanza kushuka na likashuka mita kama 10. Ndo maana ukienda Ujiji penye kumbukumbu ya Livingstone, alipokutwa na Stanley 1871, unashangaa mbona mtu alikuwa anakaa jirani na maji na leo maji yako kuleee. Ziwa linatembea mwanangu, na nyumba yako imekaa njiani.

Ndo nakuja kwenye rangi. Kupaka kahawia chini sio kosa, sote tunapaka, matope ya mvua yakirukia yasionekane. Ila rangi mpya kwenye nyumba ya marehemu inayouzwa, mpaka magotini, hatua 40 kutoka majini... mimi ningekwangua kidogo nyuma ya mlango kwa ufunguo. Kama chini yake plasta inamomonyoka na ina unga mweupe wa chumvichumvi ujue ukuta umewahi kunywa maji. Angalia na miimo ya milango kwa chini kama imevimba au imekatwa ikawekwa kipande kipya. Kisha nenda mwaloni asubuhi wakati migebuka inashushwa, umuulize mvuvi yeyote mtu mzima, ile 2021 maji yalifika wapi hapa, atakuonesha kwa kidole na hatakuomba hata mia.

Hela nayo. Mkopo kwa nyumba ya likizo siukubali, nasema wazi. Mara mbili kwa mwaka siku tano tano ni siku 10. Mlinzi utamlipa siku 365, tufanye laki na nusu kwa mwezi, hiyo milioni 1 na laki 8 kwa mwaka, bado kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku, bado mchwa. Gesti vyumba viwili kwa elfu 50 kila kimoja, siku 10, ni milioni 1 kamili na shuka unafuliwa. Mlinzi peke yake ameshaipita gesti! Na nyumba isiyopikiwa inakufa haraka, sijui ni moshi unaofukuza wadudu au ni nini, mimi mwenyewe tulimwachia mtu nyumba yetu miaka mitatu tukakuta popo darini na madirisha mawili hayapo, yeye akasema upepo.

Kwahiyo kwa milioni 35, na karatasi hizo, usinunue. Lakini sikwambii uzike hamu yako. Kama warithi ni watu wa kweli waambie wakupangishe kuanzia mwezi wa pili mpaka wa sita, bibi abaki chumbani kwake, uende na mama watoto mlale humo mvua ikinyesha, muone paa, muone maji, muone mbu. Akirudi Dodoma anasema tununue, hapo mtaongea bei, na mimi sitegemei izidi nusu ya hiyo aliyokutajia kijana. Na dari la Dodoma liweke kwanza, hapo mkeo yuko sahihi.

SWALI: Shangazi, tumerithi nyumba ya udongo Ujiji, karatasi za mirathi zimekamilika. Kaka anasema tupige plasta ya saruji nje yote iwe ya kisasa, tufikie humo sikukuu. Sawa? – Mama Zuhura, Tabora

JIBU: Kaka asubiri. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, havishikani, plasta inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayatoki, ukuta unaoza kwa ndani huku nje umependeza, baada ya misimu michache inadondoka mabamba mabamba. Hela hiyo ipelekeni juu kwanza, bati jipya lenye mapaa marefu yanayomwaga maji mbali na ukuta, kisha mfereji kuzunguka msingi. Ukuta mpigeni udongo uleule uliochanganywa na mchanga au chokaa, fundi wa zamani wa Ujiji anajua, ila mumtafute mapema maana vijana wengi siku hizi wanajua saruji tu.