Wasomaji Wanauliza: Alama za Kemia ya S5 na S6 Hutolewaje?

Barua za mwezi huu kuhusu S5 na S6, madarasa mawili ya mwisho ya sekondari nchini Uganda, karibu zote zimegusa jambo moja: mwanafunzi amesoma, anaamini amejibu vizuri, kisha karatasi inarudi na alama ndogo. Tumechagua nne.

Mama wa mwanafunzi wa S5, Busia: Mwanangu alipata A ya kemia kwenye UCE, mtihani wa mwisho wa S4. Ripoti yake ya muhula wa kwanza wa S5 inaonyesha 38 kwa 100. Mwalimu wake anasema ni kawaida. Je, shule inawabania watoto alama ili watie bidii?

Mama, usianze na ile 38. Omba uzione karatasi zenyewe, kisha ukae na mwanao mtenge alama zilizopotea katika mafungu matatu: asichokijua kabisa, alichokijua lakini akakiandika nusu, na alichokikosa kwa sababu muda ulikwisha. Kwa wanafunzi waliotoka UCE na A, fungu la pili ndilo huwa kubwa, na ndilo linalorekebishika upesi.

Chukua swali ambalo huwa halikosekani S5: kwa nini nishati ya kung'oa elektroni ya kwanza ya aluminiamu (578 kJ kwa moli) ni ndogo kuliko ya magnesiamu (738), ilhali aluminiamu ina protoni 13 na magnesiamu 12? Mwanafunzi anaandika, "Kwa sababu elektroni ya aluminiamu hutoka kwa urahisi." Hapo amelirudia swali tu. Jibu kamili lina hatua zake. Elektroni ya magnesiamu inatoka 3s, ya aluminiamu inatoka 3p (hizi ni ngazi ndogo wanamokaa elektroni). 3p iko juu zaidi kinishati na mbali kidogo na kiini. Elektroni za 3s zinaikinga isivutwe sana. Kwa hiyo mvuto juu yake unapungua, hata kama protoni imeongezeka moja. Kila hatua ina alama yake, na anayeandika moja kati ya nne hupata moja, hata kama nyingine tatu zimo kichwani mwake.

Kuna jambo la pili la kumtetea mtoto. Wanafunzi wa S5 huingia darasani baada ya matokeo ya UCE kutoka, hivyo muhula wao wa kwanza ni mfupi, na mada zinazofundishwa humo (muundo wa atomu, vifungo, hesabu za moli) ndizo nzito. 38 ya muhula huo haitabiri UACE, mtihani wa mwisho wa S6. Bali 38 ya muhula wa tatu, yenye makosa yale yale, ni ya kutia wasiwasi.

Uliza pia ripoti imekokotolewaje. Shule nyingi hutoa mtihani wa mwanzo wa muhula, wa kati na wa mwisho, lakini si zote huzipa uzito sawa. Mtoto mwenye 24, 35 na 55 ana wastani wa 38 ikiwa zote ni sawa. Shule inayotoa asilimia 20, 30 na 50 ingemwandikia karibu 43. Muhimu kuliko yote ni kwamba anapanda.

Baba, Kampala: Binti yetu mkubwa alifanya UACE 2023. Kwenye karatasi mbili za nadharia alifanya vizuri sana, lakini kemia ikaandikwa C. Tulidhani kuna kosa. Mdogo wake naye sasa anachukua PCB (fizikia, kemia na biolojia).

Ndugu, huenda hakuna kosa. Kwa miaka mingi kemia ya UACE imekuwa na karatasi tatu: P525/1 na P525/2 za nadharia, na P525/3 ya vitendo. Kila karatasi ilipewa daraja lake, kuanzia D1 iliyo bora hadi F9 ya kufeli, kisha madaraja hayo matatu yakaunganishwa kuwa herufi moja. Alama za karatasi hizo tatu hazikuwekwa kwenye kapu moja zikatafutiwa wastani. A ilitaka karatasi mbili ziwe 1 au 2, na ya tatu isivuke 3. B ilitaka mbaya kuliko zote isivuke 4 na nyingine zisivuke 3. C, isivuke 5 na nyingine zisivuke 4. Kwa hiyo mwenye 1, 2 na 5 alipata C. Ile 5 moja iliwavuta wenzake wote chini, na mara nyingi karatasi hiyo huwa ya vitendo. Kwa pointi, A ni 6, B ni 5, C ni 4: pointi mbili zilipotea maabara.

Kwa huyu mdogo, kwanza mwombe mwalimu wake sampuli za karatasi za kundi lake, kwa sababu waliofanya UCE ya mtaala mpya kuanzia 2024 hawapaswi kujiandaa kwa karatasi za zamani peke yake. Pili, fuatilia mara ngapi anashika bureti (mrija wenye vipimo wa kudondoshea asidi) kwa mkono wake mwenyewe. Vitendo vikiachwa hadi muhula wa pili wa S6, ndipo ile 5 inapozaliwa.

Mwanafunzi wa S6, Arua: Mwalimu, salamu. Kwenye jaribio la kaboneti ya sodiamu na asidi haidrokloriki nilipata thamani ya x (idadi ya molekuli za maji kwenye chumvi, Na₂CO₃·xH₂O) sawa na mwenzangu, lakini yeye alipewa 26 kwa 30 na mimi 15. Tulitumia chupa ileile ya asidi. Naomba mnieleze alama zangu zilikwenda wapi.

Bila shaka zilikwenda kwenye jedwali na kwenye hatua za hesabu, maana jibu la mwisho lina alama chache mno kati ya hizo 30.

Tuanze na jedwali. Bureti ya shule ina vistari vya 0.1 cm³, kwa hiyo unasoma hadi desimali mbili, na tarakimu ya mwisho ni 0 au 5. Ukiandika 24.6 badala ya 24.60, umepoteza alama kila mahali ulipoandika hivyo. Ukiandika 24.63, umejifanya kuona kisichoonekana, nayo inakatwa. Usomaji wa mwisho, usomaji wa mwanzo na ujazo uliotumika vyote viwepo, utoaji uwe sahihi, na ujazo unaoingizwa kwenye wastani utofautiane kwa 0.10 au chini. Jaribio la kwanza la kukadiria usilitie kwenye wastani likiwa mbali na wenzake. Kisha taja ni zipi ulizozitumia: "24.60 na 24.60". Wengi huandika wastani tu, na msahihishaji hawezi kukisia ulikotoka.

Sasa usahihi. Ujazo wako unalinganishwa na ule alioupata mwalimu kwa myeyusho uleule. Kadiri ulivyo karibu, ndivyo alama zinavyoongezeka. Angalia jambo ambalo wanafunzi wengi hawajalitambua: makosa ya kawaida karibu yote hukuza ujazo. Bureti iliyosuuzwa kwa maji bila kusuuzwa tena kwa asidi huizimua asidi. Chupa ya koni iliyosuuzwa kwa kaboneti hubakiza moli za ziada. Hiyo isuuzwe kwa maji safi tu. Kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti kinapotoka katikati ya kazi huhesabiwa kama asidi. Tone la mwisho la pipeti (mrija wa kupimia kaboneti) likipulizwa, huongeza kaboneti. Basi ukiona ujazo wako umezidi wa mwalimu, anza kutafuta hapo. Ukiwa chini, tazama faneli: ukiiacha juu ya bureti, matone yake hudondoka ndani baada ya wewe kusoma. Na ukiwa karibu nusu kabisa ya mwalimu, ulitia kiashiria cha fenolfthalini badala ya kile cha methili ya machungwa. Fenolfthalini hubadilika rangi kaboneti inapofika bikaboneti tu.

Hesabu nayo iandikwe hivi, tuseme kwa myeyusho wenye gramu 14.30 za Na₂CO₃·xH₂O kwa lita, 25.0 cm³ zake zikitumia 24.60 cm³ za HCl ya 0.10 M (moli 0.10 kwa lita):

Moli za HCl = 24.60 × 0.10 ÷ 1000 = 0.00246
Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂
Moli za Na₂CO₃ katika 25.0 cm³ = 0.00246 ÷ 2 = 0.00123
Katika lita moja = 0.00123 × 1000 ÷ 25.0 = 0.0492
Masi ya moli moja = 14.30 ÷ 0.0492 = 290.7
106 + 18x = 290.7, x = 10.3, yaani 10

Aliyesahau kugawa kwa 2 hufika kwenye x = 2, jibu linaloonekana zuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Lakini akiwa ameandika kila mstari, msahihishaji mwenye haki huona kosa ni moja na kumpa alama za hatua zinazofuata. Aliyeandika "x = 10" peke yake, hata likiwa sahihi, hana cha kutetewa. Na x unaizungusha kuwa namba nzima mwishoni kabisa. Ukizungusha 0.0492 kuwa 0.05 mapema, umefanya hesabu ya myeyusho mwingine.

Kwa swali la kutambua chumvi, neno moja tu kwa leo: safu ya uliyoyaona isiwe na hitimisho. "Kaboni dioksidi ilitoka" si uliyoyaona. Uliona viputo vya gesi isiyo na rangi iliyoyageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Vivyo hivyo, "mashapo meupe" kwa haidroksidi ya sodiamu ni nusu ya jibu. Sema kama yaliyeyuka ulipoizidisha na yakaacha myeyusho usio na rangi. Yakiyeyuka, una zinki, aluminiamu au risasi. Amonia ikizidishwa huyeyusha ya zinki tu, na iodidi ya potasiamu huonyesha risasi kwa mashapo ya manjano. Pale ambapo hakuna kilichotokea, andika kwamba hakuna badiliko. Nafasi tupu haina alama.

Mwalimu wa kemia, Jinja: Nina wanafunzi 60 wa S5. Ripoti za maabara zinanakiliwa, nyingine zinachelewa wiki nzima. Nikiwapa sifuri, wazazi wanalalamika. Nikiwasamehe, wenye bidii wanavunjika moyo. Mnashauri nini?

Mwalimu mwenzetu, kunakili kunazuilika kwa asidi yenyewe kabla ya adhabu yoyote. Tengeneza asidi tatu, uziite P, Q na R, za 0.08, 0.10 na 0.12 M. Kwa wanafunzi 20 kila kundi na 150 cm³ kwa mmoja, unahitaji lita 3 za kila aina. Kwa asidi haidrokloriki kali ya takriban 11.6 M, hizo ni 20.7, 25.9 na 31.0 cm³. Tia asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na uwe dirishani. Kaboneti kavu tengeneza lita 8 kwa gramu 42.4, nayo itakuwa 0.05 M. Kwa 25.0 cm³ za kaboneti, ujazo wa asidi utakaribia 31.25, 25.00 na 20.83. Usiziamini namba hizo kabla hujapima mwenyewe, kwa kuwa asidi kali iliyofunguliwa zamani hupoteza nguvu. Waketishe P, Q, R kwa zamu, ili jirani asiwe na asidi ileile. Atakayenakili atajulikana kwa jedwali lake.

Jedwali la usomaji lichukuliwe kabla hawajatoka maabara, ukilitia sahihi. Hesabu na maelezo wapeleke nyumbani. Hapo hata ripoti ikichelewa, vipimo unavyo.

Kuhusu kuchelewa, hatupendi sifuri, kwa kuwa inasema mtoto hajui kemia wakati ukweli ni kwamba hakuleta kazi. Kata asilimia 10 kwa kila siku ya shule hadi siku ya tatu. Baada ya hapo aifanye chini ya usimamizi wako, mchana, na asipate zaidi ya nusu. Aliyenakili naye arudie jaribio kwa asidi nyingine. Mwenye barua ya ugonjwa hakatwi chochote. Utaratibu huu uandike kwenye karatasi moja wiki ya kwanza ya muhula, wazazi watie sahihi siku ya mkutano, nakala moja ibaki kwa mkuu wa taaluma.