Je, Njia Yangu Inabeba Treni 30 kwa Saa?

Swali: Nimeunda modeli ya kompyuta ya njia ya treni za mjini. Treni zikifuatana kila baada ya sekunde 120, programu inaonyesha 30 kwa saa bila hata moja kuchelewa. Je, niandike 30 katika ripoti kuwa ndio uwezo wa njia?

Jibu: Usiandike. Hiyo 30 ni 3,600 kugawanya kwa 120, hesabu isiyohitaji kompyuta. Hakuna treni iliyochelewa kwa sababu hukuipa modeli jambo lolote la kuichelewesha: kila treni ilisimama stesheni kwa sekunde zilezile, na hakuna abiria aliyezuia mlango.

Uigaji wa kompyuta huanza kuwa na maana pale muda wa kusimama unapotokana na vipimo vya saa ya msongamano, vya siku mbaya vikiwemo, na ratiba ileile ikajaribiwa mara mia au zaidi, kila mara kwa ucheleweshaji mwingine uliochaguliwa kwa nasibu. Treni moja ikikawia sekunde 40, ya nyuma yake hukuta taa nyekundu, hupunguza mwendo, kisha hufika stesheni ambako abiria wamezidi kulundikana, nayo ikakawia zaidi. Kinachotafutwa ni idadi ya treni zitakazopita kabla mkawio huo haujaisha. Katika ratiba yako hauishi, kwa kuwa hakuna sekunde ya akiba. Ndiyo maana mwongozo namba 406 wa shirika la reli la kimataifa, UIC, unapendekeza njia ya treni za mjini pekee isikaliwe zaidi ya asilimia 85 ya saa ya msongamano. Kwa sekunde zako 120, asilimia 85 ya treni 30 ni treni 25.

Tazama pia modeli yako inaanzia wapi. Kipande cha Thameslink, huduma ya treni inayovuka jiji la London, kilicho katikati ya jiji hilo, kati ya St Pancras na Blackfriars, kilipangiwa treni 24 kwa saa, nazo hutoka mbali, Bedford, Cambridge na Brighton. Anayeiga kipande hicho peke yake, huku kila treni ikiingia kwa wakati wake, anajidanganya. Tena ratiba mpya ilipoanza tarehe 20 Mei 2018, huduma zilivurugika kwa wiki kadhaa, sababu kubwa ikiwa upungufu wa madereva waliokwisha kufundishwa njia mpya, jambo ambalo modeli ya reli na taa haina namna ya kuliona.

Kinachonikera ni washauri wanaoleta picha za treni za rangi zikiteleza kwenye ramani, zilizotokana na jaribio moja tu, na wakubwa wakatia saini. Mshauri wa namna hiyo adaiwe matokeo ya majaribio yote na vipimo vya muda wa kusimama stesheni kabla ya kulipwa.