Baridi ya Minnesota: ziba upepo kwanza, hita baadaye

Mkuu, umeuliza familia yako inayohamia Saint Paul, jimboni Minnesota, mwezi wa kwanza inunue hita ngapi kwa nyumba ya vyumba viwili, na kama ile hita ya Arusha ipakiwe kwenye begi. Hiyo iache. Umeme wa Marekani ni volti 120. Hita ya wati 2000 iliyotengenezwa kwa volti 240 ikichomekwa huko inatoa kama wati 500, robo tu ya nguvu yake.

Hata za huko wasikimbilie kununua nyingi. Hita ya wati 1500 inavuta ampia 12.5, na saketi ya chumba mara nyingi ni ya ampia 15. Ukiwasha ya pili kwenye saketi hiyo hiyo, umeme unakata. Ikiwaka kwa muda wa saa nane inakula uniti 12. Moja ya akiba inatosha. Ichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa sababu ekstensheni nyembamba hupata moto hadi ikayeyuka, na ikae mita moja mbali na kitanda, pazia na nguo.

Joto la nyumba linaibiwa na upepo unaopenya. Siku ya upepo, washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kando ya fremu za madirisha, chini ya mlango na kwenye soketi za kuta za nje. Moshi ukiyumba, hapo pana mwanya. Chini ya mlango weka mpira wa kuziba au kunja taulo. Madirishani tumia plastiki nyembamba inayouzwa madukani pamoja na utepe wa kunata pande mbili. Futa fremu ikauke kabisa, bandika utepe kuizunguka, tandaza plastiki, kisha pitisha draya ya nywele hadi mikunjo yote iishe. Utepe unabanduka usiku fremu ikiwa na vumbi au unyevu, na draya ikisogezwa karibu mno inatoboa plastiki. Acha nafasi kati ya plastiki na kioo, maana hewa iliyotulia humo ndiyo inayozuia baridi.

Sasa hili nalisema kwa msisitizo: jiko la mkaa lisiingie ndani, hata kwa dakika tano, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na mtu aliyelala haamki. Oveni ya gesi nayo si ya kupashia nyumba joto. Hakikisheni kuna kengele ya kaboni monoksidi karibu na vyumba vya kulala, na mbonyeze kitufe cha kuijaribu siku mnayoingia. Theluji ikianguka sana, fukueni bomba la moshi la mashine inayopasha nyumba nzima joto, lile linalotokeza ukutani nje. Likizibwa, mashine inazima au moshi unarudi ndani.

Kama joto linadhibitiwa na mwenye nyumba, sheria ya Minnesota inamtaka alifikishe angalau 68 kwa Fahrenheit, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Wapige picha ya kipimajoto, wamwandikie ujumbe ili ushahidi ubaki. Wakisafiri wasizime mashine, waishushe isipite chini ya nyuzi 13. Usiku wa baridi kali wafungue milango ya kabati chini ya sinki na waache bomba lidondoshe maji kidogo. Bomba likiganda, wafungue koki kisha walipashe kwa draya kuanzia upande wa koki, wasitumie moto.

Nje, pamba ni adui: inashika jasho na kukupoza. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu au poliesta, juu yake sweta nzito, halafu koti lisilopitisha upepo. Viatu viwe vikubwa kidogo. Jozi mbili za soksi ndani ya kiatu kinachobana zinazuia damu, na vidole vinapoa kuliko ukivaa jozi moja. Glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja zinashinda zile za kidole kimoja kimoja. Mtoto akifungwa kwenye kiti cha gari, mvueni koti nene, mkanda ukaze mwilini, ndipo mfunike blanketi. Koti likibanwa wakati wa ajali linaacha mkanda umelegea.

Januari 30, 2019 Minneapolis, jirani na Saint Paul, ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, na kwa upepo ikawa sawa na 48 chini ya sifuri. Hapo ngozi iliyo wazi inaganda ndani ya dakika kumi. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu. Tazama sehemu iliyopauka kijivu, ngumu kama nta, isiyohisi ukiigusa. Usiisugue wala kuisogeza motoni, kwani itaungua bila mtu kujua. Itumbukize kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ayapime mwingine kwa kiwiko, na kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, subirini hadi mfike ndani. Mtu akiacha kutetemeka ghafla huku bado amepoa, akasinzia au ulimi ukawa mzito, pigeni 911, namba ya dharura ya huko, palepale.